Glavu ya Mkono wa Kushoto

Nyahanga, Kahama
Jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Mabula,

Najua barua hii umeikuta mahali usipotegemea, na sasa hivi unajiuliza huyu mama ana nini tena, si tumeongea wiki nzima? Soma tu, baba. Kaa mahali penye mwanga, usisome huku unatembea.

Wewe umekwenda uwanjani kuwaaga wenzako. Bibi yako yupo uani anachambua karanga za safari yako, na kila baada ya muda ananiuliza naandika nini. Namjibu naandika orodha ya vitu vyako. Begi lako lipo miguuni pangu, na glavu yako nimeitoa nimeiweka mezani ili niitazame vizuri. Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa ya meno, wala utembee na nani na ulale saa ngapi. Hayo nimeyasema mpaka baba yako alipopiga simu kutoka machimboni Geita akaniambia nimwache mtoto apumue. Haya, nimekuacha upumue. Humu ndani nina jambo moja ambalo nimelizunguka kwa miaka, na kwa mdomo limenishinda. Mimi huyu, ambaye soko zima la Kahama wananijua kwa mdomo.

Ni habari ya mkono wako wa kushoto.

Ulizaliwa mashoto. Hata kusema hujajua, mwiko unaukamata kwa kushoto, kuku unamfukuza kwa kushoto, ukipewa kiazi ni wa kushoto unaotangulia. Mwanzoni nilicheka. Kisha ukatimiza miaka minne, Bibi yako akaja kututembelea kutoka Songwa, akakunyooshea kikombe chake cha maji umpelekee ndani. Ukakipokea kwa mkono uleule. Wewe hakukwambia neno. Alinitazama mimi. Siku utakapooa ukatazamwa na mama mkwe namna ile, ndipo utanielewa.

Unajua kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na zote si za kusemwa mbele ya chakula. Hupokei kwa huo, hutoi kwa huo, humpi mtu salamu kwa huo. Mimi nilikuwa mkwe mgeni bado, naogopa kusemwa kwamba sikufundwa na sijui kulea. Nikachana kipande cha kitenge changu cha zambarau, kila wakati wa kula nikawa naufunga mkono wako kiunoni. Wala haikuwa siku moja, Mabula. Nilianza watu wanapanda, nikaacha wanavuna pamba. Ulikuwa unakula polepole, ugali unadondoka, mlenda unachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na unanitazama. Hukulia. Laiti ungelia, pengine ningekufungua.

Kuna siku alikuja mgeni wa baba yako, mzee mmoja wa Maganzo ambaye kazi yake ilikuwa kununua vijiwe vidogo vya almasi kwa wachimbaji. Akakunyooshea peremende. Mkono wa kushoto ukatoka, ukaurudisha. Ukasimama pale umechanganyikiwa, hujui tena wa kulia ni upi, mwisho ukaificha yote miwili mgongoni, ukaondoka bila peremende. Yule mzee akasema mtoto huyu ana adabu. Nami nikajiona mama bora Kahama nzima. Sikufichi, ndivyo nilivyojiona. Leo nikiikumbuka siku ile natamani nimfuate huko aliko nikamnyang'anye ile peremende.

Basi ukajifunza. Ukaandika kwa kulia, ukala kwa kulia, ukatupa mawe kwa kulia. Kila aliyekuja akakusifu. Ukawa mtoto mkimya, asiyeomba kitu, asiyekataa kitu, nami nikawa nawaambia wanawake wenzangu sokoni kwamba huyu hanisumbui. Sikujua kwamba hilo lilikuwa la kulalamikia, si la kujisifia.

Ulipoingia kidato cha kwanza ndipo nikasikia unacheza besiboli. Nikauliza, ndiyo nini tena hiyo? Ukanipangia vifuniko vinne vya soda sakafuni, ukachukua mwiko wangu ukanionyesha mrushaji anasimama wapi, mpigaji wapi, na vile vifuniko ndiyo vituo wanavyokimbilia. Wewe ukasema ni mdakaji. Unachuchumaa nyuma ya mpigaji umevaa barakoa ya waya, na kila mpira anaorusha mwenzako unapaswa kuishia mkononi mwako. Nikakuuliza, kwa hiyo mwanangu nakulipia shule ukachuchumae? Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mabula, ulikuwa huchekicheki hovyo humu ndani. Kile kicheko ndicho kilichonifanya niupende mchezo ambao sikuujua kichwa wala miguu.

Kisha, kidato cha pili, nikaona unashindwa kukunja kiganja cha kushoto. Kimevimba kama andazi. Ukanieleza kwamba glavu ya mdakaji pale shuleni ni moja tu, imeisha sufi yote ya ndani, na mpira ukija kwa kasi unapiga nyama moja kwa moja. Mtu mwenye akili angesikia neno glavu imeisha. Mimi nilisikia neno kushoto. Nikakwambia, "Unaona? Mkono huo haukuumbwa kupokea."

Ukachukua ndoo ukaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mwanza kuchukua mzigo wa viatu, na moyoni nimeshaamua, mwanangu atapata glavu yake mwenyewe. Pale wanapouza mitumba kuna bwana mmoja mwenye kipara anayeuza vifaa vya michezo, njumu, mipira, magongo ya kila namna. Nikamweleza, glavu ya yule anayechuchumaa. Akanielewa. Akanitolea mbili, zote nene na za duara kama mkate wa kumimina, hazina vidole vilivyoachana kama glavu za wachezaji wengine. Akasema hii ya mkono wa kushoto, hii ya kulia. Akaniambia, kwa uungwana kabisa, kwamba wadakaji karibu wote huvaa kushoto ili mkono wa kulia ubaki wazi kwa kurusha. Mtu wa watu alinieleza. Nami nikamjibu, "Kaka yangu, mtoto huyo nimemlea mwenyewe. Mwanangu anapokea kwa kulia."

Na macho yangu ya biashara nayo yakanisaidia kupotea. Ya kushoto ilikuwa imechakaa, nyeusi kwa jasho la mtu nisiyemjua, imelegea. Ya kulia ilikuwa ngumu, inang'aa, inanukia ngozi. Sikujiuliza kwa nini imebaki mpya. Mimi, ambaye kila siku nawaonya wateja wangu kwamba kiatu cha mtumba kikiwa kipya mno ujue kilimbana mwenyewe! Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi niliishia kwenye kinyemi.

Unaikumbuka siku niliyokupa. Uliitazama muda mrefu. Ukaingiza mkono wa kulia, ukaufungua na kuufunga kidogo, ukautoa. Kisha ukainama, ukanishika mikono yote miwili, ukasema asante, Mama. Nikaenda kulala nimeridhika kama mtu aliyelipa mahari.

Kilichofuata wewe unakijua kuliko mimi, nami nilikuja kukijua nikiwa nimevaa gauni la sikukuu. Mlikuwa mnacheza na shule ya Shinyanga, hapa hapa Nyahanga, na kwenye mechi ile walikuwa wanachaguliwa wachezaji wa mkoa. Nilifunga meza yangu sokoni, nikawaburuta wenzangu wawili waje wamwone mdakaji niliyemzaa. Tukafika, mdakaji ni mtoto mwingine. Wewe upo benchi, ile glavu imekaa mapajani. Nikadhani umeumwa. Mara yule mwenzako akagongwa kidole, wakakuita wewe.

Mpira wa kwanza ukakuponyoka. Wa pili ukakupiga kifuani, nikasikia mlio wake mpaka nilipokaa. Wa tatu uliudaka, na hapo wa Shinyanga mmoja akakimbia kuiba kituo, yaani kukiwahi cha mbele kabla hujamrushia mwenzako mpira. Ilikubidi uivue glavu, uibane kwapani, uuhamishie mpira mkono wa kulia, ndipo urushe. Hata mimi nisiyejua mchezo niliona kwamba mtu yule angeweza kufika, kukaa na kunywa chai. Watu wakaanza kucheka. Kila mkimbiaji sasa anakimbia tu. Wenzangu wa sokoni wakawa wanatazama ardhini, kwa huruma, na huruma ya wanawake wale inauma kuliko matusi.

Mechi ilipokwisha nilimvaa mwalimu wako wa michezo. Nilimwambia amemharibu mtoto wangu, amemweka benchi mpaka mwili umesahau. Alinisikiliza mpaka pumzi zikaniishia. Kisha akasema, "Mama Mabula, kijana wako ndiye mdakaji bora niliyewahi kufundisha, lakini kwa kushoto. Glavu hii ni ya mkono mwingine. Nimempa ya shule mara tatu, anakataa. Anasema mama yake ameifuata Mwanza."

Muhula mzima, Mabula. Muhula mzima ulivaa kitu kinachokunyima nafasi yako, kwa sababu mimi ndiye niliyekupa.

Nikakugeukia nikakuuliza kwa nini hukusema. Nilikuuliza kwa ukali, maana ndivyo aibu yangu inavyotoka. Ulikuwa unafungua kamba za viatu, hukuinua uso. Ukasema, "Ulisema mkono huo haupokei."

Tulitembea kutoka uwanjani mpaka nyumbani, mimi mbele, wewe nyuma. Wewe ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nakitafuta kile kitenge cha zambarau kichwani mwangu, nakumbuka nilivyokuwa nakaza fundo. Nikaelewa kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Duniani kote ulikuwa umepata mahali pamoja tu ambapo mkono wako ule unaruhusiwa kupokea. Mahali hapo ni nyuma ya mpigaji, umechuchumaa, umefunikwa uso na waya. Ndiyo sababu ulicheka siku ile ya vifuniko. Nami nikapanda basi nikaenda mpaka Mwanza kukufungia mlango huo pia, na nikaupaka rangi ya zawadi.

Sasa nataka nikwambie nilikotoa ujinga huu, maana si wa Bibi yako peke yake. Nilipoanza biashara, kabla hujazaliwa, nilikwenda kununua robota langu la kwanza la viatu. Muuzaji alikuwa mzee wa heshima, rafiki wa marehemu baba yangu. Akanichagulia robota yeye mwenyewe, akaligonga kwa kiganja, akasema hili ndilo lako, binti yangu. Mimi nilikuwa nimeshaona upenyoni vitu vikubwa, vigumu, vyenye vyuma. Moyo ukakataa. Lakini nitamwambiaje mzee kama yule kwamba sitaki? Nikapiga goti, nikashukuru. Kufika Kahama nakata kamba, robota zima ni viatu vya kuvaa watu wanaoteleza juu ya barafu. Barafu, Mabula, katika jua hili! Majirani walikuja kuangalia kama wanaangalia mnyama. Baba yako alivaa kimoja akatembea nacho uani tukacheka mpaka machozi, lakini usiku ule nililia machozi mengine. Na jambo baya zaidi ni kwamba niliporudi kwa yule mzee akaniuliza mzigo ulikuwaje, nilimjibu mzuri, asante sana.

Umeona? Kunyamaza kwako hukukuokota njiani. Nilikupa mimi, pamoja na pua hiyo.

Nilikaa siku kadhaa, kisha nikakwambia jiandae, tunakwenda Mwanza pamoja. Njia nzima nilikuwa na hofu kwamba ile ya kushoto imeshanunuliwa. Tukamkuta yule bwana wa kipara ameikalia. Ameiweka juu ya kigoda, ndiyo mto wake, anasema imemponya mgongo. Pembeni alikuwa ameshaletewa nyingine ya kushoto, ya kahawia, safi, haina hata mkwaruzo. Alituwekea zote mbili mbele. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye ile safi. Nikaurudisha, nikakaa juu yake. Kweli, niliukalia mkono wangu.

Nikakuona unavyochagua. Hukuangalia rangi. Uliingiza kushoto, ukafumba macho, ukakunja na kukunjua. Ukapiga ngumi katikati ya kiganja cha glavu, ukasikiliza mlio. Ukavuta kila kamba. Ile ya kahawia ulikuwa ukiifunga inagoma, inabaki wazi kama mtu anayeshangaa. Ukaniomba nikurushie kitu. Mpira haukuwepo karibu, nikachukua kiatu kwenye fungu la jirani. Nikarusha, ukakidaka na ile ya kahawia, kikadunda kikatoka. Ukavaa ile nyeusi aliyokuwa ameikalia yule bwana. Nikarusha kiatu kingine, kikaingia kikatulia. Nikarusha cha pili, cha tatu, nikarusha na ndala. Watu wakasimama kutazama mama mtu mzima anamtupia mwanawe viatu katikati ya soko naye anavipokea vyote kwa kushoto, anacheka. Jirani mwenye viatu alikuja juu kisha akaanza kuhesabu kwa sauti pamoja na wengine.

Ukasema, "Hii, Mama."

Maneno mawili. Nilikuwa sijakusikia ukisema hii tangu uwe na miaka minne. Ilikuwa mbaya ile glavu, Mabula, mbaya ya kutosha, na inanukia mgongo wa mtu. Nikasema haya, hiyo.

Halafu nami ujuaji haunitoki. Nikaichukua kuilainisha. Mwalimu alisema mafuta kidogo tu, mimi nikaipaka mafuta ya ng'ombe kama wazee wanavyopaka ngozi, nikaiweka kabatini ikae siku mbili. Panya wa Nyahanga wakafanya sherehe. Asubuhi tukakuta kidole gumba kimeliwa na kamba mbili hazipo. Nilikutazama nikitegemea utanyamaza kama kawaida yako. Ukanigeukia ukasema, "Mama, safari hii umeniudhi." Nilipata uchungu na furaha pamoja, sijui kama vinaweza kukaa sehemu moja lakini vilikaa. Nikakwambia una haki. Tukachukua buti la zamani la baba yako la machimboni, nikakata ulimi wake, nikatia kiraka kwa sindano yangu ya kushonea viatu. Wewe ulishika glavu, mimi nikashona. Hicho kiraka cha rangi ya udongo wa Geita ndicho kinachopokea gumba lako mpaka leo, na baba yako anamwambia kila mtu kwamba yeye pia anacheza.

Yaliyofuata hayahitaji barua. Mwaka ule nafasi ya mkoa ilishakupita, mwaka uliofuata ukaipata, na sasa shule ya Pwani yenye timu inakungoja kidato cha tano. Ila kuna kimoja hukijui. Mechi yako ya mwisho, Bibi yako aliyekuja kutoka Songwa alikaa karibu nami kwenye kile kivuli kidogo cha ukuta. Haelewi vituo, haelewi hesabu, alikuwa anakutazama wewe tu. Ukadaka mmoja uliokwenda pembeni kabisa, umejinyoosha mpaka ukalala, mkono wa kushoto umefika kabla mwili haujafika. Akaniuliza, mkono ule ndio uleule tuliokuwa tunaufunga? Nikamwambia ndio huo. Akanyoosha kanga yake magotini. Kisha akasema, "Tuliufunga bure, mkwe wangu." Ndiyo mara ya kwanza nasikia akijihesabu na yeye. Hajakwambia, na sidhani kama atakwambia. Lakini hizo karanga anazochambua huko nje amezichambua mara mbili, hataki upate hata moja mbovu.

Huko uendako, Mabula, sihofii watu wabaya sana. Watu wabaya utawaona, una macho. Nahofia wale wazuri. Atatokea mwalimu anayekupenda, au rafiki, au siku moja binti wa watu, akuletee kitu alichokifuata mbali, kwa moyo mweupe, na kitakuwa cha mkono usio wako. Inaweza kuwa kozi ya kusoma, inaweza kuwa kazi, inaweza kuwa mpango wa maisha yako yote. Aliyekupenda ndiye mgumu kumwambia hakinitoshi. Utataka kuinama ushukuru, ukivae muhula mzima. Mwambie mapema, kwa heshima zako zote, shikamoo ibaki palepale. Akikasirika, atakasirika. Mimi nilikasirika, na unaniona nimepona.

Nami nijaribu vilevile. Ukinipigia simu ukaniambia Mama, hili umekosea, nitafoka kwanza, si unanijua. Subiri nimalize. Usikate simu, usiseme basi yameisha. Yarudie.

Kwa nini nayaandika leo? Kwa sababu ya jana. Ulikuwa mlangoni unaipangusa glavu, imekaa mapajani, mkono wa kushoto mtupu, nikakunyooshea kikombe cha chai. Mkono wako wa kulia ulikuwa na kitambaa. Ukakitupa kitambaa chini, kwenye vumbi, ili upokee kikombe kwa kulia. Umri huu, umekwishakuwa mwanaume, uwanja mzima unakupigia makofi kwa mkono ule, na kwangu mimi bado unauficha. Uwanjani umefunguka. Mbele yangu fundo bado lipo, maana mimi ndiye niliyelifunga, na mpira hauwezi kulifungua.

Nilitaka nikwambie palepale mlangoni. Nikasema kunywa, itapoa.

Basi nakwambia sasa. Nisamehe, baba yangu. Niliufunga mkono wako kwa kuogopa kusemwa na watu, nikakwambia ni adabu. Haikuwa adabu, ilikuwa woga wangu. Hukuwa na kosa ukiwa na miaka minne na huna kosa leo. Sikwambii ukawape wazee mkono wa kushoto huko ugenini, kila mahali pana desturi zake na wewe una akili ya kuzijua. Nasema habari ya mimi na wewe.

Nakusikia, unapiga mluzi unakata kona ya msikiti, nina muda mfupi. Kesho stendi patakuwa na fujo, Bibi yako atakuwa analia, mimi nitakuwa nagombana na wapakia mizigo, na ningekupa karatasi hii mkononi ungeipokea kama ninavyokujua, kwa kulia, umeinama. Ndiyo maana sikupi stendi. Naikunja ndogo, naisukuma ndani kabisa ya glavu, kule zinakoingia ncha za vidole vyako. Ili uisome, ilikubidi kwanza uvae.

Kwa hiyo umeshaipokea kwa mkono wa kushoto, Mabula, na mimi ndiye niliyekupa. Wabeja, ng'wanawane. Asante kwa kuipokea, mwanangu.

Mama yako,
Mama Mabula